Betri Mpya kwa Faida ya Nani?

Ndugu waamini, viongozi wa walei, nanyi nyote mnaohudumu katika kamati za haki na amani za parokia na vigango:

Hoja inayotufanya tuandike kurasa hizi ni fupi, tena husemwa na watu wema. Kila inapozungumzwa habari ya wachimbaji wa kobalti kule Kolwezi, au ya betri zilizokufa zinazotupwa nyuma ya nyumba zetu, au ya simu isiyofika jioni bila kuzimika ingawa haijatimiza miaka miwili tangu inunuliwe, husimama mtu, mara nyingi kijana msomi, akasema kwamba mambo hayo yako njiani kwisha. Wataalamu, asema, wamekwisha kuvumbua betri mpya isiyohitaji kobalti, isiyoshika moto, inayojaa kwa dakika chache na kudumu miaka mingi. Kilichobaki ni kusubiri. Basi kikao hutulia, ajenda hufungwa, na kila mmoja hurudi kwake ameridhika kwamba haki itashuka yenyewe kutoka maabara kama mana.

Sisi tunasema hoja hiyo ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine inawaumiza watu. Betri mpya hufika kweli katika vifaa vya kila siku. Zimekwisha kufika zaidi ya mara moja, nasi tumezishika mikononi bila kuzitambua. Ila hazifiki kwa sababu tu zimevumbuliwa. Hufika pale zinapomfaa mtengenezaji, kwa umbo linalomfaa yeye, na ile ambayo ingewafaa zaidi mtumiaji na mchimbaji yaweza kukaa tayari karibu miaka thelathini pasipo kuingia katika simu. Hilo tutalionyesha kwa mfano mmoja, maana maneno yetu yote yanauegemea.

Yafaa kwanza tukielewe kitu chenyewe. Betri ya simu ina pande mbili, upande chanya na upande hasi, na kati yake mna kimiminika ambamo chembe za lithiamu hupita. Unapochaji, chembe hizo hutoka upande chanya zikaenda kujificha katika upande hasi, ambao kwa kawaida umeundwa kwa kinywe, madini yale yale yanayotumika katika penseli. Unapoitumia simu, hurudi zilikotoka. Kazi ni hiyo tu, kwenda na kurudi mamia ya mara, mpaka njia zichakae. Kinachotofautisha betri moja na nyingine ni vitu vinavyounda pande hizo, hasa ule upande chanya. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba upande huo waweza kuundwa kwa oksidi ya kobalti. Akira Yoshino wa Japani akaunda betri ya mfano mwaka 1985, na kampuni ya Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Kutoka maabara hadi dukani ilichukua miaka 11. Watu hao wawili, pamoja na Stanley Whittingham aliyewatangulia katika kazi hiyo miaka ya 1970, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019, nasi hatuna neno la kuipunguza sifa yao. Bila betri hiyo kusingekuwa na simu ya mkononi kama tuijuavyo, wala mama wa kijijini asingepokea kwa dakika moja fedha alizotumiwa na mwanawe aliye mjini.

Lakini lililofuata husimuliwa mara chache. Mwaka 1997 Goodenough huyo huyo, sasa akiwa Texas, alitangaza na wenzake kitu kingine cha kuundia upande chanya: chuma na fosfati. Chuma kila mtu anakijua. Fosfati ni ile ya mbolea, tunayo hapa Minjingu. Hamna kobalti humo, wala nikeli. Betri ya namna hiyo haishiki moto kwa wepesi, nayo huvumilia kuchajiwa mara 2,000 na zaidi kabla ya kuchoka, ilhali betri ya kobalti iliyomo katika simu za kawaida huanza kuchoka baada ya mara 500 hadi 800 hivi. Leo hii betri za chuma na fosfati zinaendesha mabasi na magari ya umeme kwa mamilioni, hasa nchini China. Na huku kwetu zimo ndani ya taa nyingi za sola zinazouzwa vijijini kwa malipo ya kidogo kidogo. Mzee aliyeacha koroboi akawasha taa ya sola ukutani aweza kuwa na kemia ile ile inayosukuma gari jipya katika barabara za Shenzhen, na huenda aliipata kabla ya mwenye gari hilo. Kwa hiyo anayesema kwamba teknolojia mpya haiwezi kumfikia maskini amekosea. Ilimfikia.

Mbona basi haimo katika simu yake? Tukiwauliza wataalamu watatujibu, nao watasema kweli, kwamba kwa kiasi kile kile cha umeme betri ya chuma na fosfati huchukua nafasi karibu maradufu ya ile ya kobalti. Simu ingenenepa kwa milimita chache na uzito ungeongezeka kidogo. Zipo sababu nyingine ndogo ndogo za kiufundi, lakini iliyo kubwa ni hiyo.

Milimita chache! Ndugu wapendwa, hapo ndipo tunapotaka kusimama kitambo. Ni nani kati yetu aliyeketi katika baraza lolote akaomba simu iwe nyembamba kama kadi ya harusi? Vitochi tulivyovitumia kwa miaka mingi vilikuwa vinene, vilianguka sakafuni vikaokotwa, na chaji yake ilimaliza siku nne. Hakuna aliyelalamika kwamba vinajaza mfuko. Wembamba ulibuniwa na wauzaji, ukatangazwa na wauzaji, na sasa tunaambiwa kwamba ni matakwa ya mlaji. Tena mlaji huyo akishaununua wembamba kwa bei kubwa, jambo la kwanza analolifanya ni kwenda kwa machinga kununua kava nene la kuukinga, akazirudisha zile milimita kwa plastiki. Nafasi ambayo ingekaa betri yenye kudumu inakaliwa na kava.

Kuna jambo la pili, ambalo wauzaji hawalitangazi. Betri inayochajiwa kila siku na kuvumilia mara 2,000 ingemaliza zaidi ya miaka mitano. Ingeishi kuliko kioo, kuliko tundu la chaji, pengine kuliko hamu ya mwenye simu. Betri inayochoka baada ya mara 500 humpeleka mtu dukani baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Hatuwezi kusoma mioyo ya wakurugenzi wa makampuni, wala hiyo si kazi yetu. Twasoma matendo. Na tendo lililo wazi ni hili: katika miaka ile ile ambayo betri yenye kudumu ilikuwa imekwisha patikana, simu zilianza kufungwa kwa gundi. Wengi wenu mnaikumbuka betri iliyoandikwa BL-5C. Uliifungua simu kwa ukucha, ukaitoa, ukaipangusa kwa shati, ukaiweka katika redio ndogo ya mtu mwingine, nayo ikafanya kazi. Ilipokufa ulinunua nyingine sokoni. Leo kubadili betri ya simujanja kunahitaji fundi, joto la kulainisha gundi, na sala kwamba kioo hakitapasuka. Huko hatuwezi kukuita kukua kwa elimu. Ni uamuzi wa kibiashara, na kilichoamuliwa na watu chaweza kuhojiwa na watu.

Mtu atatuuliza: je, miaka hii hakuna jipya lolote lililoingia katika simu? Liko, nasi tulitaje kwa haki. Tangu mwaka 2023, kuanzia na simu ya Honor Magic5 Pro iliyouzwa China, watengenezaji wa huko wameanza kuchanganya silikoni na kaboni katika upande hasi, mahali pa sehemu ya kinywe. Silikoni hubeba lithiamu nyingi zaidi kwa uzito ule ule. Tatizo lake ni kwamba ikijaa huvimba, yaweza kufikia mara tatu ya ukubwa wake, ikajipasua yenyewe. Kwa miaka mingi hilo liliwashinda wataalamu, hadi walipoifungia ndani ya kaboni kwa vipande vidogo mno. Leo zinauzwa simu zenye betri ya miliampea-saa 7,000 na zaidi katika unene ule ule wa zamani. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini angalieni kilichobadilika na kisichobadilika. Kilichobadilika ni upande hasi, na faida iliyopatikana ni chaji nyingi katika wembamba ule ule. Upande chanya umebaki kobalti. Milango ya maabara ilifunguka, na aliyepita kwanza ni yule aliyefaa kutangazwa dukani. Mchimbaji wa Kolwezi yuko pale pale.

Kuhusu betri ile inayosifiwa kuliko zote, isiyo na kimiminika ndani yake, hatutasema mengi. Mwaka 2017 kampuni ya Toyota ilisema inakusudia kuitumia katika magari mwanzoni mwa miaka ya 2020; sasa inataja mwaka 2027 au 2028. Kampuni ya TDK ya Japani ilitangaza mwaka 2024 kitu kipya cha namna hiyo kwa ajili ya vifaa vidogo kama vile vya masikioni. Hatuwacheki wanaochelewa. Tunakumbuka kwamba mwaka 2016 Samsung ilirudisha kutoka sokoni simu za Galaxy Note 7, milioni 2.5 hivi katika awamu ya kwanza, kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto, na hatimaye ikaacha kuitengeneza kabisa. Kitu kinachokaa mfukoni mwa mtu na kando ya mto wa mtoto hakifai kuharakishwa. Tunalolipinga ni gazeti linalotangaza kila mwaka kwamba mapinduzi yamewadia, na msomaji anayelitumia tangazo hilo kama ruhusa ya kutofanya lolote.

Kuna nyingine ya sodiamu. Hii ina maneno yake hapa kwetu, maana sodiamu imo katika chumvi na katika magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni. Kampuni ya CATL ya China ilionyesha betri zake za sodiamu mwaka 2021. Mwaka 2025 kampuni ya Elecom ya Japani ilianza kuuza pawabenki ya sodiamu, nzito kuliko za lithiamu lakini yenye kuvumilia kuchajiwa mara 5,000 kwa maelezo ya kampuni yenyewe. Basi kitu cha kila siku kimekwisha kufikiwa. Sisi tunaifurahia habari hii kuliko ile ya silikoni. Hata hivyo tusije tukadhani kwamba kitu kikiwa kingi basi hakina mwenyewe. Tunayo magadi katika Ziwa Natron na katika bonde la Engaruka, na miradi ya kuyachimba imejadiliwa kwa miaka mingi. Ziwa Natron ndipo mahali wanapozalia sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia nzima, na pembezoni mwake wanaishi wafugaji ambao hawajaambiwa habari za betri. Wakija watu na ramani, tuanze kuuliza siku hiyo hiyo.

Sasa turudi Kolwezi, kwa kuwa ndiko hoja ya "tusubiri" inakodhuru zaidi. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, nayo hutoka katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako watu wanasali, wanaimba na kuzika kwa Kiswahili. Mwaka 2014 Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba watoto 40,000 hivi walikuwa wanafanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi ile, mingi ikiwa ya kobalti. Januari 2016 shirika la Amnesty International pamoja na Afrewatch la Kongo walitoa taarifa iliyoeleza watoto wanaookota na kuosha mawe hadi saa 12 kwa siku kwa malipo ya dola 1 au 2. Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi ukawaua wachimbaji wadogo zaidi ya 40. Desemba mwaka huo huo familia za watoto waliokufa na kulemaa zilifungua kesi mjini Washington dhidi ya makampuni matano makubwa ya Marekani yanayotumia kobalti katika bidhaa zao. Kesi ilitupwa mwaka 2021, na mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo Machi 2024, ikisema kwamba kununua kutoka mnyororo wa wauzaji hakumfanyi mnunuzi kuwa mshiriki wa biashara ile. Ndivyo sheria yao isemavyo. Mzazi aliyemzika mwanawe haambiwi ni nani basi aliyeshiriki.

Wakati huo huo soko lilibadilika. Magari mengi yalihamia betri ya chuma na fosfati, na migodi mikubwa ikaongeza uzalishaji. Bei ya kobalti, ambayo Machi 2018 ilifika karibu dola 95,000 kwa tani, mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 21,000. Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha mauzo ya nje, na tangu Oktoba mwaka huo imeweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Kampuni ya Apple nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba kufikia 2025 kobalti yote katika betri ilizobuni yenyewe itakuwa ile iliyorejelezwa. Je, katika mageuzi yote hayo, ni nani aliyekwenda Kolwezi kuwauliza wale wachimbaji watakula nini?

Mtu mwerevu atatushika hapa. Atasema: "Baba, kule juu mmelilia betri isiyo na kobalti, huku chini mnalilia kobalti kushuka bei. Mnataka nini?" Swali ni la haki nasi tunalijibu. Tunataka kobalti ichimbwe na watu wazima wanaolipwa, kwa kiasi kinachohitajika kweli, na isitumike pale ambapo chuma kingetosha. Tunakataa mambo mawili: kwamba mtu atumbukizwe shimoni kwa ajili ya wembamba, na kwamba aachwe shimoni siku wembamba utakapopata njia nyingine. Kuondoka kwa mnunuzi si haki. Aliyekudhulumu miaka ishirini kisha akahamia duka jingine hajakulipa.

Neno hilo lawahusu pia ndugu zetu wa hapa nchini wanaoambiwa kwamba wanaketi juu ya madini ya kimkakati. Kinywe kiko Mahenge na Lindi. Nikeli iko Kabanga wilayani Ngara. Wanavijiji wanapoitwa mkutanoni kuhusu kuhamishwa na fidia, huelezwa kwamba dunia inayataka madini haya na itayataka daima. Wamuulize mtoa maelezo: mnunuzi ana mkataba wa miaka mingapi? Ile silikoni iliyoingia katika simu inachukua nafasi ya kinywe. Ile chuma na fosfati imechukua nafasi ya nikeli katika magari mengi. Hatusemi mradi ukataliwe. Twasema shamba la mihogo lisibadilishwe na ahadi ambayo kemia inaweza kuitengua kwa miaka kumi, na fidia isipangwe kana kwamba mgodi utaishi kuliko wajukuu.

Na betri kuukuu? Mwaka ule ule wa 1991 ambao Sony iliuza betri yake ya kwanza ya lithiamu, nchi za Afrika zilikutana Bamako zikatia sahihi mkataba wa kukataza taka za sumu kuingizwa barani. Betri imeendelea mbio, mkataba umekwenda kwa magongo. Simu iliyochoka Ulaya haiji kama taka. Inaitwa mtumba, ina chaji ya saa tatu, na baada ya miezi sita iko katika shimo la takataka. Watu wa pwani wanajua mwisho wa hadithi hii kwa betri za aina ya zamani zaidi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwajaza watu risasi mwilini hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa huko na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Zilikuwa betri za risasi, teknolojia ya karne ya 19, na hadi leo hatujamaliza kulipa gharama yake. Anayetuambia tusubiri ya karne ya 21 atueleze kwanza itazikwa wapi.

Tumekwisha sema kwamba kizuizi hakipo maabara. Basi kipo wapi, na kinaondolewaje? Angalieni lililotokea Ulaya bila uvumbuzi wowote. Tangu Juni 20, 2025 simujanja inayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima betri yake ibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa. Na sheria ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vidogo vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ijapokuwa imeacha milango ya misamaha ambayo wakubwa watajipenyeza, kwa simu hasa. Viwanda vilivyosema haiwezekani vilianza kuweza mara tarehe ilipoandikwa. Lakini sheria hiyo ni ya Ulaya. Simu itakayokataliwa kule hakuna kinachoizuia kupakiwa kuja Dar es Salaam au Mombasa.

Tusiambiwe kwamba mnyonge hujali bei tu. Mnyonge hununua cha bei rahisi kwa sababu haonyeshwi kingine, na mara nyingi hudanganywa hata katika hicho. Chukueni betri ya duara ya tochi na redio ndogo, ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri nzuri kabisa ya ukubwa huo hubeba miliampea-saa 3,600 hivi. Katika maduka yetu zinauzwa zilizoandikwa 9,900. Huo ni uongo uliochapishwa kwenye karatasi ya rangi, na anayelipa ni mwanafunzi ambaye taa yake inazimika saa mbili usiku. Shirika la viwango lina mamlaka ya kupima betri kumi na kufunga duka moja. Wabunge wetu wana mamlaka ya kuandika mistari mitatu: kwamba simu na taa zinazoingizwa nchini ziwe na betri inayotoka bila gundi, kwamba uwezo ulioandikwa uwe ndio uliomo, na kwamba anayeingiza betri awajibike kuzipokea zikifa. Hakuna hata mmoja kati ya mistari hiyo unaohitaji profesa wa kemia.

Kwa upande wa parokia, tunaziomba kamati zisisubiri bunge. Vigango vingi vinanunua taa za sola, redio za vikundi vya wanawake na vipaza sauti vya kubeba, na ununuzi huo kwa mwaka si haba. Kabla ya kulipa, mweka hazina amuulize muuzaji betri iliyomo ni ya aina gani, na kama ni ya chuma na fosfati imeandikwa wapi. Amwombe aifungue mbele yake kwa bisibisi, ili ajulikane kama inatoka au imegundishwa. Kisha amuulize ni nani atakayeipokea itakapokufa. Asiyeweza kujibu, tuhamie duka la pili. Betri zilizokufa zisitupwe jalalani wala zisichomwe. Zikusanywe mahali pakavu, mbali na watoto, vyuma vyake vya mwisho vikiwa vimezibwa kwa gundi ya karatasi, mpaka apatikane mpokeaji mwenye leseni. Na majibu ya muuzaji yaandikwe nyuma ya stakabadhi, kwa jina la duka na tarehe, yaletwe katika kikao cha kamati cha mwezi unaofuata.